Bendera Haikupepea

Watu wa klabu bado wananisifu, na kila wakinisifu natamani kuwarushia kikombe. "Wewe umenyooka bwana, hata ndugu yako wa damu hukumpendelea." Nakunywa chai yangu. Siku nitakayowajibu yaliyo moyoni, klabu itavunjika, na mimi ndiye niliyeahidi kupaka rangi mlango wa choo mwaka huu.

Kazi yangu ni kukagua mizani za maduka. Naingia dukani, naweka jiwe langu la kilo juu ya mizani ya mwenye duka, na kama sindano inasema uongo, tunaelewana vibaya. Ndiyo maana klabuni wananiita Mizani. Na ndiyo maana walipokosa mwamuzi wa mashindano walinigeukia mimi, ingawa mashua yenyewe siiwezi. Nikikaa kwenye vile vyombo vidogo tumbo linanivuruga kabla hatujaacha gati. Boti ya waamuzi ni pana na imetia nanga, hapo angalau nakaa kama mtu.

Msifikirie klabu ya matajiri. Ni banda la bati, choo kimoja, na mashua ndogo za tanga, kila moja ya kubeba mtu mmoja, kwenye bwawa linalolisha mji maji. Upepo wa bwawa letu hauna adabu. Unatoka kwenye mwanya wa vilima, unapiga hodi kidogo, unaondoka bila kuaga, kisha unarudi na hasira kana kwamba ni wewe uliyeufukuza. Mtu anaweza kuongoza asubuhi nzima halafu akasimama katikati ya maji kama gogo huku wenzake wakimpita kwa pembeni wakipiga mluzi.

Mdogo wangu anaupenda upepo huo. Tumezaliwa wawili tu, na yeye ndiye kitinda mimba. Anafundisha chekechea, ana sauti ya kubembeleza, na anacheka kabla utani haujafika mwisho. Mashua yake ni ya njano, aliinunua ikiwa imetoboka, akaiziba mwenyewe kiraka kwa kiraka. Lakini ushindi hakuwahi kuupata hata mara moja, na sababu kila mtu aliijua. Mbio za tanga zinaanzia kwenye mstari, kati ya boti yetu ya waamuzi na boya jekundu. Kabla ya honi mashua zote zinazungukazunguka pale zikisukumana, kila mmoja anataka honi ikilia pua yake iwe ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa anaogopa kugongana. Anakaa nyuma kabisa, kama mgeni anayesubiri wenye nyumba wapakue kwanza. Wakishaondoka wote, naye ndiyo anaondoka. Katikati ya mbio hakuna aliyemfikia kwa ujanja, ila utamfukuza nani aliyekwisha kukuacha?

Sasa, mume wake. Shemeji yangu ni fundi makochi, mtu mpole, mwenye pini za kochi mdomoni muda wote hata huelewi anasema nini. Mwaka jana mwenye nyumba alimtoa kwenye karakana yake. Makochi ya wateja yakahamia sebuleni. Ukienda kuwatembelea unakaa juu ya kochi la mtu usiyemjua, limefungwa nailoni, ukijisogeza linalia kwachakwacha, na watoto wamekatazwa kula popote isipokuwa sakafuni. Banda la uani lingetosha kabisa kuwa karakana. Ila bandani mlikuwa na mashua ya njano.

Walibishana mbele yangu, tena kwa heshima, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kugombana. Mwisho shemeji akatoa pini mdomoni. "Tufanye hivi," akasema. "Msimu huu ukishinda hata mashindano mamoja tu, mashua inakaa, mimi nitatafuta kwingine. Usiposhinda, tunaiuza. Bila kununa."

"Bila kununa," mdogo wangu akasema, akanyoosha mkono. Wakashikana. Mimi nilikuwa shahidi, nimekaa kwenye kochi la watu.

Msimu ukaenda. Akawa wa nne, wa tatu, wa sita, wa tatu tena. Yakabaki mashindano ya mwisho. Wiki hiyo nilimfuata jikoni kwake, nikapanga vijiko mezani kuwa mashua na kopo la chumvi kuwa boti yangu. Nilimsema kama mtoto. "Woga wako ndio unaokuuza. Sikiliza, safari hii usikae nyuma. Nenda kule mwisho kwenye boya, ambako hakuna msongamano, ukae juu ya mstari, honi ikilia uondoke nayo. Umesikia?"

"Nikitangulia je?"

"Ukitangulia utaitwa, utarudi, utaanza upya. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuitwa."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Nilimwambia utaitwa. Maana kwa sheria, mashua ikivuka mstari kabla ya honi, mwamuzi anapiga honi ya pili na kupandisha bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, basi. Aliyevuka anatakiwa ajue mwenyewe, arudi nyuma ya mstari aanze upya, na asiporudi hahesabiwi hata akifika wa kwanza. Lakini sisi kwetu tunaita. Tangu klabu ianze, bendera ikipanda mwamuzi anapaza sauti: "Nyekundu, rudi!" "Mzee wa bluu, umetangulia!" Sheria hailazimishi. Ni ujirani tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeita watu msimu mzima mpaka koo linakwaruza.

Kuna mtu mmoja hapa klabuni tunamwita Wakili. Ni fundi bomba, ila anapenda kubishana, na kila kitu kwake kina kifungu cha sheria. Kiasi cha mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, yeye na mdogo wangu walifika kwenye mstari wa mwisho pua kwa pua, nami nikampa mdogo wangu nafasi ya tatu kwa sababu aliistahili. Tukiwa kwenye chai, Wakili akasema kwa sauti, "Jamani, mwamuzi akiwa dada mtu, sisi wengine tunashindania kuanzia nafasi ya pili." Banda zima likacheka. Mdogo wangu akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nililibeba neno lile mpaka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini nikawatoza faini wauza sukari wawili ambao siku nyingine ningewaonya tu. Niambie nimekosa chochote, sawa. Usiniambie kwamba nimepunja.

Siku ya mashindano upepo ulianza mdogo, wa kubembeleza. Kwenye boti ya waamuzi nilikuwa na Mkunga, ambaye ni mkunga mstaafu kweli, anashika darubini kwa sababu macho yake bado ni ya kijana. Ufukweni nilimwona shemeji na watoto wamekaa kwenye nyasi na mkate wao. Mashua zikaanza kuzunguka. Nikaitafuta ya njano nyuma, kwa mazoea, sikuiona. Ilikuwa kule mwisho kwenye boya, peke yake, imekaa juu ya mstari kama nilivyomwelekeza. Moyo wangu ulijaa, siwafichi.

Nikahesabu, nikapiga honi. Na kabla honi haijalia, kidogo tu, kiasi cha pua, ya njano ilikuwa imevuka.

"Ni mdogo wako," Mkunga akasema.

"Nimeona." Nikapiga honi ya pili. Nikapandisha bendera.

"Mwite basi."

Nikafungua mdomo. Hapo nikamwona Wakili. Alikuwa ameanza karibu kabisa na boti yetu, mkono kwenye usukani, na alikuwa hatazami tanga lake wala aendako. Alikuwa ananitazama mimi. Nikasikia kile kicheko cha banda zima upya, masikioni, kama kimepigwa sasa hivi. Nikafunga mdomo.

"Mama, mwite!"

"Sheria inasema honi na bendera," nikamwambia Mkunga. "Honi nimepiga. Bendera hiyo hapo."

"Tangu lini?"

Nilijiambia mdogo wangu amesikia, atageuza sasa hivi. Hakugeuza. Baadaye alinieleza kwamba honi ya pili aliisikia vizuri, akamhurumia huyo aliyetangulia. Mtu aliyezoea kuachwa nyuma haingii akilini mwake kwamba safari hii yeye ndiye yuko mbele mno.

Kisha upepo ukafa. Ukafa wote kwa mpigo, hata mashua hazijafika mbali. Zikasimama pale mbele yetu, matanga yamelegea, kimya mpaka ungesikia mtu akimenya peremende. Sasa niambieni, kama Mungu hakuwa ananipa nafasi ya pili, ule ulikuwa nini? Wote wamekwama. Angejua wakati ule, angepiga kasia lake la mkono kidogo, maana aliyeitwa kurudi anaruhusiwa kwetu, angerudi nyuma ya mstari na kuanza upya asipoteze kitu cha maana.

Akageuka. Alitazama boti yetu moja kwa moja, uso umejaa kicheko, akaninyanyulia dole gumba. Alitaka nione alivyoanza vizuri. Na bendera ilikuwa juu, kama sheria inavyotaka, ila bila upepo ilikuwa imejikunja kwenye mti wake kama kitambaa cha jikoni. Msalaba hauonekani. Hata angekuwa na darubini ya Mkunga asingejua ni bendera gani.

"Haya, usimwite," Mkunga akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo nadhani alikuwa anawaambia nayo wanawake wasukume. "Inyooshe tu. Shika ncha uivute aione. Hilo nalo sheria inakataza?"

Mkono wangu ulikwenda. Nilikishika kitambaa, nilikisikia kati ya vidole, kina unyevu wa asubuhi. Wakili bado alikuwa ananitazama, naye amekwama kama wengine, karibu kiasi cha kurushiana mkate. Nikamwazia keshokutwa kwenye chai. "Mwamuzi ameshika bendera kwa mkono ili mdogo wake aone." Nikakiachia. Muda wa bendera ulipokwisha nikaishusha, nikaikunja vizuri, nikaiweka chini ya kiti. Mkunga akarudisha darubini machoni.

Yaliyofuata ndiyo yananiua. Laiti angeendesha vibaya. Laiti angekuwa wa nne kama kawaida yake, mambo yangepita. Lakini siku hiyo mdogo wangu aliendesha mashua nisivyowahi kumwona mtu akiendesha kwenye bwawa lile. Wengine walikuwa wanatikisa usukani na kutukana kimoyomoyo. Yeye alijilaza chini, akatulia tuli, akitazama maji tu, jinsi anavyowatazama watoto wake wa chekechea ili ajue nani ataanza kulia. Akaona viwimbi vidogo upande wa kushoto kabla ya mtu yeyote. Akauvuta upepo wa kwanza, akaenda peke yake, wenzake wamesimama wanamtazama.

Walipofika boya la mbali, vilima vikafanya weusi na upepo ukarudi na hasira zake. Mashua mbili zikapinduka palepale, moja ya Wakili. Boti ya uokoaji ikaenda kuwakusanya, wazima, wamelowa, midomo bado inalalamika. Ya njano ililala ubavu mpaka nikamshika Mkunga mkono. Kisha nikamwona mdogo wangu anaachia kamba ya tanga taratibu, anaegemea nje ya mashua, mgongo unagusa maji, chombo kikasimama tena. Akaja. Alikuwa anakuja kwa kasi, anatetemeka kwa baridi na anaimba. Naapa alikuwa anaimba, nilimsikia.

Ufukweni shemeji alikuwa amesimama. Mtu anayetaka banda lake alikuwa anaruka na kupiga makofi juu ya kichwa, mtoto mabegani, anapiga kelele, "Mama yenu huyo! Mama yenu huyo!"

Mshindi anapovuka mstari wa mwisho anapigiwa honi. Mdogo wangu akavuka. Akainua mikono yote miwili. Nami nilikaa na honi mapajani, sikuipiga.

Akangoja. Mikono ikabaki juu, kisha ikashuka kidogo. Akatazama nyuma kama kuna kitu amesahau, akatazama mstari, akanitazama mimi. "Dada!" akaita, bado anatabasamu. "Honi imekwama?"

Wa pili akavuka. Huyo nilimpigia. Ililia vizuri sana.

Nilimwona alivyoelewa. Sitaki kuueleza uso wake. Akainama akaanza kukunja tanga, akiwa bado yuko katikati ya maji, jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Nchi kavu watu walinizunguka. Wakanipa mikono, wakaniambia nimenyooka kama rula, wengine wangeshindwa. Katikati ya sifa zile akaja Wakili, taulo shingoni, maji yanamchuruzika. Nikajiandaa. Nilitaka aniombe radhi mbele ya wote, siwadanganyi, nilikuwa nimelipia radhi ile.

"Mizani," akasema taratibu, "mbona hukumwita?"

"Si wewe uliyekuwa unanitazama?"

"Nilikuwa nangoja umwite! Nikaona huiti, nikasema basi pengine ni mimi niliyeona vibaya. Unamwita kila mtu." Akajifuta uso. "Au ni lile neno la kwenye chai? Jamani, ule si ulikuwa utani? Yeye mwenyewe alicheka."

Mtu akikupiga unajua pa kushika. Mimi sikujua nishike wapi. Nilimwambia aende akabadilishe nguo asije akaugua, nikaenda kusimama nyuma ya banda, karibu na choo, nikalia kama mtu aliyefiwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja kuzaliwa na mtoto kwanza.

Shemeji, nikwambieni ukweli, alijaribu. Jioni ile ile alimwambia mke wake iache ikae, mimi nilikuona kwa macho yangu, ulifika wa kwanza, hayo mengine ni ya vitabu. Mdogo wangu akakataa. Akasema tulishikana mikono, na mimi sikushinda. Hakununa. Alitimiza hata hilo. Alisugua mashua, akaipaka nta, akaitafutia mnunuzi mwenyewe, kijana wa klabu nyingine, mbali.

Siku ya kuichukua nilikwenda. Tuliinyanyua watu wanne tukaiweka juu ya tela, nami nikasaidia kufunga kamba upande wa nyuma. Mnunuzi alipoingia ndani kunywa maji, tukabaki wawili, mimi na yeye, na mashua katikati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimeshakusamehe, dada. Siku ile ile." Alikuwa anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. "Ila kuna kitu kimoja kinanikaa hapa, na sijui nikipeleke wapi."

"Niambie."

"Ningekuwa mtu baki, ungeniita."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Akaniomba nipite upande wa pili niangalie kama kamba ya mbele imeshika, nikapita, nikaangalia, ilikuwa imeshika.